Sheria ya uraia pacha imemsahau mtu wa mpakani

Tangu tarehe 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ya Kenya ilipotangazwa rasmi, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi tena uraia wake kwa kuupata uraia wa nchi nyingine. Hivyo ndivyo kinavyosema kifungu cha 16, ambacho ni kifupi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kukihifadhi kabla kengele ya mapumziko haijalia. Wengi walikishangilia, na walikuwa na haki ya kukishangilia. Hata hivyo, ukiisoma Sheria ya Uraia na Uhamiaji iliyofuata mwaka 2011, utabaini kwamba mtu aliyekuwa akilini mwa watungaji alikuwa yule aliyepanda ndege: daktari aliyehamia Uingereza, muuguzi aliyehamia Marekani, mhandisi aliyepata pasipoti ya Kanada. Yule aliyezaliwa na nchi mbili bila kutoka kijijini kwao hakufikiriwa. Na ikiwa yeye hakufikiriwa, mume au mke wake alifikiriwa na nani?

Namboboto ni sehemu ya Samia, katika eneo bunge la Funyula, kaunti ya Busia. Si mbali na hapo unapita Mto Sio, ambao katika mwendo wake wa mwisho kuelekea Ziwa Viktoria ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Ng'ambo ya pili ziko Majanji na Lumino, katika wilaya ya Uganda ambayo nayo yaitwa Busia. Lugha ni ile ile, koo ni zile zile, na ng'ombe wa mahari wamekuwa wakivuka mto huo kwa miguu yao tangu kabla hajakuwako afisa wa forodha wa kuwahesabu. Mpaka wenyewe ni mgeni. Hadi mwaka 1902 eneo hili la magharibi mwa Kenya lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza wakalihamishia upande wa pili kwa waraka tu, na mwaka 1926 mpaka ukawekwa tena kisheria. Waliohamishwa hawakusogea hata hatua moja.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeikumbuka historia hiyo kuliko ya kwetu. Inasema kwamba aliyezaliwa Uganda, na ambaye mmoja wa wazazi au wa babu na bibi zake ni wa jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi hiyo tarehe 1 Februari 1926, ni raia kwa kuzaliwa. Jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu la Katiba hiyo, na Wasamia wamo. Aidha, mtu ambaye mzazi wake, babu yake au bibi yake alikuwa raia wa Uganda wa kuzaliwa wakati yeye akizaliwa, huyo ni raia popote alipozaliwa. Nasi kwa upande wetu, kifungu cha 14 chasema kwamba mtu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au kwingineko. Ziweke sheria hizi mbili juu ya kitanda kimoja cha uzazi. Mtoto wa baba wa Majanji na mama wa Namboboto ni raia wa nchi mbili kabla hajajua kutambaa. Hakuomba, hakuapa, wala hakujaza fomu.

Anayedhani kwamba natia chumvi na autazame ukoo wa Awori. Moody Awori, aliyekuwa mbunge wa Funyula kwa miaka mingi, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya tangu 2003 hadi mapema mwaka 2008. Nduguye Aggrey Awori, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mbunge wa Samia Bugwe Kaskazini nchini Uganda, akawania urais wa nchi hiyo mwaka 2001, kisha akawa waziri katika serikali ya Rais Yoweri Museveni. Sisemi kwamba yeyote kati yao alikuwa na uraia wa nchi mbili. Hilo silo ninalolijadili. Nasema kwamba nyumba moja ya Wasamia iliweza kuzipa nchi mbili viongozi wa ngazi za juu, na hakuna aliyeshangaa katika Samia.

Katika Katiba iliyotangulia, uraia wa nchi mbili ulikatazwa. Aliyefikisha umri wa miaka 21 akiwa raia wa Kenya na wa nchi nyingine alitakiwa aukane ule mwingine katika muda uliowekwa, la sivyo ule wa Kenya ungemtoka. Ni wangapi katika Samia waliokwenda kuukana? Mtu hakani asichojua kuwa anacho. Kuhusu ndoa, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya alikuwa na haki ya kuandikishwa kuwa raia, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mkenya hakuwa nayo. Binti wa Namboboto akiolewa na mtu wa Lumino, na wakaamua kuishi kwao binti, mume alibaki mgeni hadi kufa. Na wakiishi kwa mume na mtoto akazaliwa huko, mama hakuweza kumrithisha uraia wake wa Kenya. Baba tu ndiye aliyeweza kuwarithisha waliozaliwa nje.

Kenya haikuwa peke yake katika ubaguzi huo, bali ilikawia kuuacha. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ya Botswana ilikubaliana na Unity Dow, mwanasheria aliyekuwa ameolewa na Mmarekani, kwamba sheria iliyowanyima uraia watoto wake waliozaliwa katika ndoa hiyo, kwa sababu tu baba yao ni mgeni, ilikuwa ya kibaguzi. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu ya Zimbabwe iliamua katika kesi ya Rattigan kwamba kumnyima mume mgeni ruhusa ya kukaa nchini ni kuuvunja uhuru wa mkewe, ambaye ni raia, wa kuishi na kutembea katika nchi yake. Sisi tulingoja hadi 2010. Sasa kifungu cha 15 chasema "mtu" aliyefunga ndoa na raia; hakisemi mwanamke wala mwanamume. Na kifungu cha 14 kimewafikia hata waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo, mradi baba au mama yao ni raia au alikuwa raia. Walimu wa historia na uraia wafundishapo sura hii wasiipite mbio. Kuna wanafunzi darasani ambao uraia wao umesimama juu ya sentensi hiyo moja.

Basi mwenzi wa raia afanyeje? Kwa Mganda anayekuja kuishi na mumewe au mkewe Namboboto, viza haipo. Tangu mwaka 2014, kwa makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda, aweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho chake tu, na chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, aweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Akitaka kuendelea kuishi, yampasa aombe pasi ya mtegemezi. Ndoa ikitimiza miaka mitatu aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ikitimiza miaka saba, ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Masharti yake si ya ajabu. Ndoa iwe imefungwa chini ya sheria inayotambuliwa Kenya, isiwe imefungwa kwa hila ya kutafuta makaratasi, na wanandoa wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba.

Huo ndio utaratibu ulioandikwa. Unaofuatwa kijijini ni mwingine. Mke alivuka akiwa amebebwa kwa boda boda (neno lenyewe linasemekana kuzaliwa papa hapa Busia, waendesha baiskeli wakiita abiria wa kuvushwa kutoka mpaka huu hadi ule), akapokewa kwa nyimbo, akazaa, akaingia katika kwaya ya kanisa na katika chama cha akina mama. Miaka 20 imepita. Hajaomba pasi ya mtegemezi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba iko. Chifu anamjua, mzee wa mtaa anamjua, na mwalimu mkuu humwita kwenye mkutano wa wazazi kwa jina la mtoto wake. Ni mwenyeji kwa kila kipimo isipokuwa kile kimoja ambacho serikali hukitumia.

Kipimo hicho huja kutumika siku mume akifariki. Kifungu cha 65 cha Katiba yetu chasema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Mwenye kuishi Nairobi katika nyumba ya kupanga aweza kukisoma kifungu hiki bila kushtuka. Kwa mjane wa Namboboto, shamba ndilo chakula, ndilo karo, ndilo kaburi la mumewe. Sheria ya urithi humtambua mjane, naam, lakini shemeji mwenye tamaa hahitaji kushinda kesi. Yamtosha kuuliza mbele ya baraza: huyu ni raia wa wapi? Swali hilo likisha kuulizwa, mama yule aliyelima shamba hilo kwa miaka 20 ndiye atakayeanza kutafuta ushahidi, wakati mwenye ushahidi amekwisha kuzikwa. Sheria ya 2011 haikumsahau mjane kabisa, kwani imemwachia mlango wa kuomba uraia ambao angestahiki lau mumewe angekuwa hai. Hata hivyo, kupita katika mlango huo kwahitaji karatasi, na karatasi ndizo hasa ambazo hazipo.

Hapa ndipo uraia pacha wa mume unapogeuka kuwa mzigo wa mke. Mpakani wako watu wenye vitambulisho viwili, kimoja cha kila nchi, na wengi wao hawakukosa lolote kwa kuwa navyo, kwa sababu ni raia wa kweli wa pande zote mbili. Kosa lao ni kuvificha. Kimoja hukaa mfukoni, kingine chini ya godoro. Na kwa kuwa vilitolewa kwa nyakati tofauti, huenda hata mwaka wa kuzaliwa haulingani, wala mahali pa kuzaliwa, wala mfuatano wa majina. Kwa mwenyewe jambo hili laonekana kuwa ujanja mdogo wa maisha: hiki cha kununulia mbolea huku, hiki cha kutibiwa kule. Siku mkewe akipeleka maombi, afisa ataangalia uraia wa mume kwanza, kwa sababu haki ya mke yote imening'inia hapo. Afisa akikuta watu wawili ndani ya mtu mmoja, ana kila sababu ya kusimamisha faili. Na hata maombi yakipita, kifungu cha 17 chasema kwamba uraia wa kuandikishwa waweza kufutwa ikigunduliwa kuwa ulipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la maana. Tofautisha hali za wawili hawa: mume ni raia wa kuzaliwa, mke ni raia wa kuandikishwa. Siri ni ya mume, lakini uraia unaoweza kufutwa ni wa mke.

Ningeweza kukomea hapo na kuwahimiza watu wa Samia watangaze uraia wao wa pili. Nawahimiza, lakini lawama si yao peke yao. Sheria ya 2011, katika sehemu ya 8, yamtaka kila mwenye uraia wa nchi mbili autangaze ule mwingine katika muda wa miezi mitatu tangu alipoupata. Asipofanya hivyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au vyote viwili. Sasa mwulize mtunga sheria: aliyezaliwa na uraia wote wawili aanze kuhesabu miezi mitatu lini? Tangu alipolia kilio cha kwanza? Kwa daktari wa London hesabu ni rahisi. Ana cheti chenye tarehe aliyokula kiapo mbele ya maafisa wa Uingereza. Mtu wa Namboboto hana siku ya namna hiyo. Aliupata uraia wa Uganda kwa kuwa bibi yake alizaliwa Lumino. Ukimwambia leo kwamba akijitokeza aulizwe mbona hakujitokeza miaka 30 iliyopita, na kwamba adhabu ya kuchelewa ni pesa ambazo ukoo wake mzima haujapata kuziona, basi umemfundisha kunyamaza.

Tena Katiba yenyewe yajua kwamba kuna watu wa aina hii. Kifungu cha 78 kinawakataza wabunge, magavana, mawaziri na wengine wenye nyadhifa za dola kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini kinawasamehe, miongoni mwa wengine, wale waliofanywa raia wa nchi nyingine na sheria za nchi hiyo bila ya kuwa na njia ya kukataa. Kama Katiba yaweza kumpambanua mtu huyo anapotaka cheo, kwa nini sheria ya kawaida isimpambanue anapotaka tu kumwandikisha mkewe? (Na kwa kuwa najua walimu wengi wa mpakani huliogopa jambo hili, niseme wazi: katazo hilo ni la wenye nyadhifa za dola. Mwalimu wa darasani hamo. Hatapoteza kazi yake kwa kuwa raia wa Kenya na Uganda kwa kuzaliwa. Ila akiamua kugombea ubunge, atajitafutia mwanasheria.)

Uganda nayo iliuruhusu uraia wa nchi mbili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 na sheria ya mwaka 2009, kwa masharti yake na kwa orodha yake ya vyeo vilivyokatazwa, cha Rais kikiwa cha kwanza. Tanzania bado haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili kwa jumla. Kwa hiyo yale ninayoyasema kuhusu Mto Sio hayawezi kuhamishiwa Taveta au Namanga bila kubadilishwa. Kijana wa huko mwenye wazazi wa Kenya na Tanzania akifika utu uzima atalazimika kuchagua.

Jambo la pili ni cheti cha ndoa. Wengi hudhani kwamba ndoa ya kimila haihesabiki serikalini. Wanakosea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua sawa na ile ya kanisani au ya msikitini, na tangu tarehe 1 Agosti 2017 kanuni za kuiandikisha zimekuwa zikitumika. Wanandoa wanatakiwa kumwarifu Msajili wa Ndoa katika muda wa miezi mitatu baada ya kutimiza mila. Ni wangapi Namboboto waliowahi kufanya hivyo? Tunajua idadi ya ng'ombe waliotolewa, tunamkumbuka shangazi aliyegoma mlangoni hadi akapewa leso, tunajua hata yule ndume mmoja aliyekuwa mgonjwa na maneno yaliyofuata. Lakini cheti hakuna. Miaka saba inayotakiwa na Katiba lazima ihesabiwe tangu siku fulani, na siku hiyo lazima iwe imeandikwa mahali. Mwenye kuandikisha ndoa yake leo anamwachia mwenzake hesabu isiyobishaniwa.

Lisidhaniwe kuwa ni tatizo la wasiosoma. Waliofika Ulaya wanakumbana na fundo lile lile, isipokuwa limevaa koti. Mkenya aliyeuchukua uraia wa Uingereza mwaka 2005 aliupoteza ule wa Kenya siku ile ile, kwa kuwa ndivyo Katiba ya zamani ilivyotaka. Katiba mpya haikumrudishia usingizini. Imempa haki ya kuurejesha akiomba. Wengi hawajaomba. Hujiita raia wa nchi mbili, hurudi nyumbani kila Desemba, huoa au huolewa, kisha huandika katika maombi ya mwenzi wao wa kigeni kwamba yeye ni mwenzi wa Mkenya. Kumbe mbele ya sheria mwenye kumtegemeza ni mgeni kama yeye. Maombi hukataliwa, na lawama humwendea karani wa uhamiaji.

Na anayetaka kumchukua mwenzi wake kutoka Namboboto ampeleke Uingereza, uraia wake wa Kenya haumsaidii kitu huko. Uingereza humwona kuwa Mwingereza tu. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 kipato kinachotakiwa kwa anayeomba viza ya mwenzi kwa mara ya kwanza ni pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka pauni 18,600 zilizokuwa zimewekwa mwaka 2012, pamoja na mtihani wa Kiingereza kwa mwenzi na uthibitisho wa ndoa. Hapo ndipo watu hukimbilia kwa Msajili kuitafutia cheti ndoa ya miaka kumi.

Wako waliojaribu kuutumia uraia wa pili kama ngazi. Shirley McCarthy, Mwingereza aliyezaliwa na kuishi Uingereza siku zote, aliolewa na Mjamaika, akachukua pasipoti ya Ireland akitumaini kwamba sheria za Umoja wa Ulaya zingempa mumewe haki ya kukaa. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ilikataa: hakuwa amehamia nchi nyingine, na pasipoti ya pili peke yake haikubadili neno. Mwaka 2017, katika kesi ya Lounes, mahakama hiyo hiyo iliamua vingine kwa mwanamke Mhispania aliyekwenda Uingereza, akaishi huko na hatimaye akawa Mwingereza pia. Alikuwa ameolewa na Mwaljeria, na majaji walisema kwamba haki ya kuishi na mumewe haikupaswa kupungua eti kwa sababu amejifungamanisha zaidi na nchi aliyohamia. Wanafunzi wa sheria wazisome kesi hizi kwa pamoja. Wanawake wote wawili walikuwa na pasipoti mbili. Kilichopimwa ni historia ya mtu: alizaliwa wapi, alihama lini, aliishi wapi, na aweza kulithibitisha vipi.

Nimewasikia wenye hoja ya kupinga. Wanasema mpaka wa Busia na Malaba una magendo ya kutosha, na kwamba kuwarahisishia watu wenye vitambulisho viwili ni kuwasaidia wahalifu na wapiga kura wa kukodiwa, wale ambao kila mwanasiasa humshtaki mwenzake kwamba amewavusha. Hoja hii si ya kupuuzwa. Ila tujiulize ni nani anayefaidika na hali ilivyo sasa. Mhalifu hahitaji kutangaza chochote, giza lamtosha. Anayeumia gizani ni mtu mwaminifu ambaye angependa faili lake liwe moja, tarehe yake ya kuzaliwa iwe moja, na mkewe aandikishwe. Ukiwavuta waaminifu watoke hadharani, watakaobaki mafichoni watahesabika kwa urahisi zaidi.

Ninachokitaka si kikubwa. Bunge liirekebishe sehemu ya 8 ili aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili atenganishwe na aliyeutafuta, na kipindi kiwekwe ambamo mtu wa mpakani aweza kujitangaza na kusahihisha kumbukumbu zake bila kutishwa kwa faini wala jela. Miaka aliyokaa mwenzi kijijini, ikithibitishwa na chifu, na kanisa au msikiti, na shule walikosomea watoto, ihesabiwe pale ambapo cheti cha ndoa kilichelewa kuandikwa. Shule zina kumbukumbu nyingi kuliko ofisi yoyote ya serikali huko. Daftari la uandikishaji la darasa la kwanza huonyesha jina la mama, kijiji na mwaka, na mwalimu mkuu aliyelitunza vizuri aweza kuwa shahidi asiyepingika. Daftari hizo zisichomwe wala zisiachiwe mchwa.

Pesa za kuanzia hazihitaji jengo jipya. Mwezi Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, ambapo maafisa wa Kenya na Uganda hukaa mahali pamoja na lori hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Dereva anayepeleka saruji Kampala huhudumiwa na serikali mbili dirisha kwa dirisha. Mke wa Namboboto anayetaka kuthibitisha kwamba alizaliwa Lumino na kuolewa Samia bado husukumwa baina ya ofisi za nchi mbili, na uamuzi wa uraia wake hungojewa kutoka Nairobi. Iwekwe meza moja zaidi katika kituo kile, yenye afisa wa kila upande na karani wa Msajili wa Ndoa, siku mbili tu kwa wiki, na mojawapo iwe siku ya soko.